Mheshimiwa Hajamwona Chui

Nchi ninayotaka kuisema haiko karibu na kwetu, na nalisema hilo mapema kabla mtu hajaanza kununa. Kwetu kuna barabara. Kwao kuna mipango ya barabara. Kwetu viongozi wanaona. Kwao viongozi ndio pekee wanaoona. Ukikuta humu kitu kinachofanana na cha kwenu, ni macho yako hayo, usije ukasingizia mdomo wangu.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja nzuri mno, iliyotungwa ili wananchi wasichoke bure. Sheria ilisema kwamba kitu chochote, kiwe kizuri kiwe kibaya, sharti kionwe na Serikali kwanza, ndipo raia naye akione. Daraja la mto mkubwa lilipokatika, watu waliendelea kulipita, wakidumbukia mmoja mmoja kwa nidhamu, mpaka Serikali ilipofika ikaona kwamba limekatika. Kipindupindu kilipoingia, watu waliharisha kimyakimya bila kukitaja jina, hadi kilipoonwa rasmi. Siku hiyo walipigiwa ngoma, wakaruhusiwa kuugua.

Na aliyetangulia kuona? Huyo hakupigwa wala hakufungwa, kwa sababu nchi ile ilikuwa ya amani. Alipelekwa kupumzishwa macho. Kulikuwa na jumba la kazi hiyo, jumba safi, lisilo na dirisha hata moja. Mwalimu Nzowa alisema bwawa lina ufa, akaenda kupumzishwa. Amesharudi. Siku hizi ukimsalimu anakugeuzia sikio, na kwake hutandikiwa mkeka palepale pa siku zote asije akajikwaa. Lakini amekuwa mpole. Mpole kupita kiasi.

*

Basi ikatokea kwamba wahisani wa ng'ambo waliuliza kama katika ule msitu wa hifadhi bado wamo wanyama. Swali la adabu tu. Ila liliwatia watu jasho, maana wanyama wa mle walikuwa hawajaonwa tangu waziri aliyepita alipopita. Kima walikuwa wakivuka mpaka kila asubuhi kuiba mahindi, na wakulima walikuwa wameshaelekezwa cha kusema: mahindi yamepungua yenyewe.

Waziri wa Maono, ambaye wote walimwita Mheshimiwa tu, akatangaza kwamba atakwenda mwenyewe kuwaona. Tarumbeta zikapulizwa. Mheshimiwa alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kupendeza, na macho yake, mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba wiki moja kabla alikuwa amempa mkono mlingoti wa bendera na kuuliza habari za nyumbani. Miwani asingeweza kuvaa. Waziri wa Maono avae miwani? Wananchi wangefikiri nini?

Katika msafara huo alichaguliwa Mzee Shomari, fundi wa kusuka vitanda, abebe kiti cha Mheshimiwa. Kilikuwa kiti hasa, kina mgongo mrefu wa mninga na mto wa mahameli nyekundu, cha kubebwa mgongoni kwa kamba kama mzigo wa kuni. Walimtazama Shomari mgongo, wakaupapasa, wakasema, "Huu ni mgongo wa kitaifa." Hawakumtazama kifua, na kifua chake kilikuwa na pumu.

Mkewe aliitwa Sikudhani. Alikuwa bibi wa makamo yaliyokwisha kupita makamo, magoti yake yakilia kila anapoinuka, na ngoma alikuwa ameacha kucheza tangu meno yake yalipoanza kuhama. Lakini aliposikia mumewe atabeba kiti msituni, alikwenda moja kwa moja kwa akina mama wa kikundi cha mapokezi, akachukua kayamba.

"We Siku, utacheza na magoti hayo?" akamuuliza shoga yake Chausiku.

"Nitacheza mabega. Magoti nitawaachia nyie wenye waume wazima."

Haja yake ilikuwa moja tu, wala hakuificha: mume aliyetoka naye nyumbani, arudi naye nyumbani. Wanyama wangeonwa, wasingeonwa, hiyo ilikuwa kazi ya Serikali.

*

Getini pa hifadhi walipangwa kwa vyeo. Njia ya msituni ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo taifa zima likasimama mstari mmoja. Mbele kabisa Mheshimiwa, kwa sababu nani mwingine awe mbele? Nyuma yake Bwana Luhende, afisa itifaki, mtu mwembamba aliyetembea kama anayebeba yai mdomoni. Halafu wakurugenzi, halafu wasaidizi wa wakurugenzi, halafu watu wa redio. Askari wa wanyamapori alikuwa na bunduki, ila cheo chake kilikuwa kidogo, akawekwa nyuma ya redio. Na risasi zilikuwa na cheo kikubwa kuliko yeye, zikabaki ofisini na mkubwa wake. Halafu akina mama wa mapokezi na ngoma zao, kisha Chausiku, na mwisho wao Sikudhani. Nyuma ya Sikudhani, Shomari na kiti. Nyuma ya Shomari, msitu.

"Ndugu zangu," Bwana Luhende akasema, "Mheshimiwa akiona, tunapiga makofi, halafu na sisi tunaona. Asipoona, hatuoni. Mtu akiwashwa na macho, afumbe."

Wakaingia. Lo! Msitu ule! Miti ilikuwa imeshikana huko juu hata mchana ukawa kama umefunikwa na chungu. Maji yalidondoka kutoka majani hadi majani bila mvua kunyesha. Na wanyama, jamani, wanyama walikuwa wamejaa kama sokoni. Mbega wenye mashuka meupe mabegani walikaa kwenye matawi wakiwatazama viongozi. Hondohondo walipita wakipiga mbawa kwa kishindo. Paa mdogo mwekundu alisimama katikati ya njia, akamtazama Mheshimiwa usoni, akapisha. Mheshimiwa akampita.

Hakuna aliyeona. Mbega mmoja alimkojolea mkurugenzi wa mazingira kichwani, na mkurugenzi akaendelea kutembea akitabasamu, mkojo ukimchuruzika sikioni, kwani kuufuta kungekuwa ni kutangulia.

Mheshimiwa akasimama mbele ya gogo. "Kiboko!" akasema.

Pa! Pa! Pa! Makofi.

"Kiboko msafi," akasema Bwana Luhende kwa hisia.

Mbele kidogo akaona kichuguu, kikawa tembo. Akaona mizizi ya mti iliyotambaa, ikawa chatu, na msaidizi mmoja alijitahidi kuogopa mpaka akazimia. Watu wa redio walinong'ona kwenye vinasa sauti vyao kwamba hifadhi imefurika. Sikudhani alipiga makofi pamoja na wenzake, huku macho yake ya pembeni yakila raha. Alikuwa na macho makali ya pembeni, tangu usichana.

*

Kila waliposonga mbele, Sikudhani alisikia pumzi za mumewe zikibaki mbali zaidi. Shomari alikuwa ameinama chini ya kiti, haoni ila vidole vyake vya miguu, na kifua kikipiga filimbi.

"Mzee wangu, upo?" akauliza bila kugeuka.

"Nipo. Kiti ndicho kinachonitembeza."

Halafu msitu ukanyamaza. Mbega waliokuwa wakipiga kelele waliacha ghafla, wote, kama watoto wanaosikia hatua za baba. Sikudhani akachelewesha mguu mmoja na kuangalia juu ya bega kwa jicho lake la pembeni.

Juu ya tawi, pale Shomari alipokuwa amepita sasa hivi, kulikuwa na mkia unaning'inia. Mkia ukavutwa juu. Tawi likatikisika. Kisha chini, kwenye njia, kikasimama kitu kirefu chenye madoa, hakina haraka. Kilinusa nyayo za Shomari. Kikaanza kuzifuata.

Sikudhani akamgusa Chausiku kwa kayamba.

"Shoga. Unaona nini huko nyuma?"

"Sioni kitu," akajibu Chausiku haraka, bila kugeuka.

"Na mimi sioni. Lakini hicho nisichokiona kina madoa."

"Kikubwa?"

"Nisivyokiona, kinaweza kunimeza na kayamba langu. Na kinamfuata mume wangu."

"Usinitie balaa, mwenzangu, nina wajukuu wa kuwatazama. Nataka niwatazame kwa macho."

"Basi peleka neno mbele. Sema nyuma kuna kisichoonekana."

Chausiku akafikiri, akaona hilo halina kosa. Neno likapanda mstari, kinywa kwa kinywa: nyuma kuna kisichoonekana, nyuma kuna kisichoonekana. Askari wa bunduki alipolipokea alikumbatia bunduki yake kama mtu anayekumbatia mto, akalipitisha. Punde Bwana Luhende akaja, akitembea kinyumenyume kwa sababu hakutaka kumpa Mheshimiwa mgongo.

"Nani anaona?" akauliza, kisogo kikiwaelekea.

"Hakuna, Bwana," Sikudhani akasema.

"Kama hakuna anayeona, basi hakuna kilichopo. Mbona mnanisumbua?"

"Naomba jambo dogo, Bwana. Huyu mzee wangu kifua hakimpi nafuu. Apite katikati, baina ya watu."

"Mbeba kiti apite mbele ya wasaidizi wa wakurugenzi? Mama, nchi itakuwa ya nani?"

"Basi Mheshimiwa aketi kidogo, mwanangu. Akiketi, kiti kitaitwa mbele."

Kisogo cha Bwana Luhende kikapata jasho. "Nani amesema Mheshimiwa amechoka? Umemwona amechoka? Umeona?"

"Sijaona kitu, mwanangu."

"Vizuri." Akaondoka. Nyuma, Shomari alikohoa, na kile kitu chenye madoa kikalala chini, kikasubiri amalize kukohoa, kikainuka.

*

Sikudhani akajiambia, kama Serikali haioni, itaimbiwa mpaka ione. Akatikisa kayamba, akaanzisha kwa sauti yake ya zamani, ile iliyokuwa ikitoa watu harusini na kuwapeleka harusi nyingine:

"Baba kaona, eee!"

Akina mama, ambao walifundishwa kuitikia kabla ya kufikiri, wakaitikia: "Kaona, baba kaona!"

"Kaona mwenye madoa!"

"Kaona, baba kaona!"

"Anatunyatia nyuma!"

Hapo waliitikia wachache, na kwa sauti ndogo. Lakini wimbo ulikuwa umeshafika mbele. Mheshimiwa akasimama. Akasikia kwamba ameona. Kiongozi wa namna ile hawezi kuambiwa na wananchi wake kwamba ameona, kisha akawa hajaona. Akakunja uso. Akatazama mbele, maana kutazama nyuma hakukuwa katika sera. Palikuwa na kisiki kilichooza, kimeota uyoga mweupe madoamadoa.

"Chui!" akasema Mheshimiwa.

Pa! Pa! Pa!

"Chui mkubwa sana!" akasema Bwana Luhende. "Ndugu zangu, sasa mnaruhusiwa kumwona chui. Yuko mbele. Wote tumwone mbele."

Taifa zima likakaza shingo kukitazama kisiki. Askari alikielekezea bunduki isiyo na risasi. Sikudhani alikuwa ameiomba Serikali imwone chui, nayo imemwona, na sasa chui alikuwa na mahali pake panapojulikana, na mahali hapo hapakuwa nyuma ya Shomari.

Tena likazuka la pili. Mheshimiwa alikitazama kisiki, na kisiki kikamtazama, hakikupepesa. Mheshimiwa akaanza kuogopa alichokiona.

"Turudi," akanong'ona.

"Serikali hairudi nyuma, Mheshimiwa," Bwana Luhende akamkumbusha kwa upole.

"Basi tusonge mbele. Kwa mgongo."

Amri ikapitishwa. Asitokee mtu wa kumpita Mheshimiwa, asitokee mtu wa kumgeuzia mgongo. Kila mmoja abaki nafasi yake, uso mbele, na taifa lisonge mbele kwa mgongo mpaka getini. Ngoma ikapigwa. Mstari ukaanza kutembea kinyumenyume.

Kwa hiyo aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyeongoza. Mzee Shomari, ameinama, uso chini, akipiga hatua moja nyuma, na nyingine, kuelekea kwa yule mwenye madoa. Naye, alipoona chakula kinamjia chenyewe kwa mdundo, aliketi katikati ya njia na kujilamba mguu.

*

Sikudhani akageuka.

Aligeuka mwili mzima, mchana kweupe, akaipa Serikali mgongo wake wote na kitenge chake na kila kilichokuwa ndani ya kitenge.

"Siku!" Chausiku akapiga yowe la kunong'ona. "Siku, mgongo huo! Urudishe!"

"Utazameni nyie, mimi sina kazi nao."

Alikimbia kwa yale magoti yake, akipiga kayamba na kuita, si kwa kuimba, "Chui! Chui! Shomari, chui!" Na yule mnyama, ambaye pengine hakuwa amewahi kuitwa jina lake na mtu wa nchi ile, alishtuka. Akaruka kabla hajapiga hesabu. Makucha yake yakapiga mgongo wa mninga, yakapasua mahameli, mguu mmoja ukateleza na kuchana bega la Shomari, na mzee na kiti wakaanguka kifudifudi. Sikudhani akamvurumishia kayamba la uso. Chui akaruka pembeni, akajilaza katika majani ya kando ya njia, pamba ya mto ikiwa imemning'inia mdomoni kama ndevu za mzee.

Mstari ukasimama. Bwana Luhende akaja kwa mgongo.

"Nini kimeanguka?"

"Mume wangu."

"Namaanisha cha maana."

"Kiti nacho kimeanguka. Kimeraruka."

"Nani amekirarua?"

"Chui."

Bwana Luhende akacheka kidogo, kwa huzuni. "Mama. Chui yuko mbele. Nimempigia makofi mimi mwenyewe."

"Huyu ni mwingine, mwanangu. Yuko hapa, karibu na mguu wako wa kushoto."

"Mwingine hajaonwa." Sauti yake ikawa ya taratibu, sauti ya daktari. "Kwa hiyo wewe umemwona kabla. Na mzee naye amemwona?"

Shomari, damu ikimtoka begani, akasema kutoka chini ya kiti, "Mimi nimemhisi tu, Bwana."

"Kuhisi ni kuona kwa giza. Kaeni hapo hapo, msisogee. Vijana watakuja kuwachukua mkapumzishwe macho, nyote wawili. Ni pazuri. Pana utulivu."

Kwenye majani, chui alikuwa amemaliza kutema pamba. Alikuwa anautazama ule mguu wa kushoto wa Bwana Luhende, uliovaa soksi ya hariri, kwa umakini ambao haukuonekana kwa kiongozi yeyote siku ile.

"Geuka, mwanangu," Sikudhani akasema. Na alisema kwa moyo, kwa sababu yule naye alikuwa mtoto wa mtu. "Geuka mara moja tu."

"Nigeuke nimpe Mheshimiwa mgongo? Mama, unanitakia nini mimi?"

"Basi."

Akamfungua Shomari kamba. Akamfunga bega kwa kipande cha kitenge. Akanyoosha mkono kwa Chausiku, aliyekuwa amesimama hatua chache tu, amefumba macho.

"Njoo, shoga. Tupite huku."

"Sijakusikia," akasema Chausiku, na chozi likamtoka kwenye jicho lililofumbwa. "Siku, mwenzangu, sijakusikia kabisa."

*

Waliingia msituni upande wa pili wa njia, mbali na yale majani, Sikudhani mbele, mumewe akimshika kiunoni. Chui hakuwafuata. Alikuwa na mstari mzima pale, umenyamaza, umepangwa vizuri, na kila mmoja amempa kisogo.

Nyuma yao ngoma ikaanza tena. Wakasikia wimbo ukisogea kinyumenyume kati ya miti: baba kaona, eee, kaona, baba kaona. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno, ukaanza tena. Safari hii sauti zilikuwa pungufu. Ukakatika tena. Ukaanza, mwembamba zaidi. Halikupigwa yowe hata moja, maana yowe lazima liwe na sababu, na sababu ilikuwa haijaonwa.

Shomari alisimama kushika mti, kifua kikipiga filimbi.

"Siku. Ulimwona kweli?"

"Nilimwona."

"Kabla ya Mheshimiwa?"

"Kabla yake."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Basi tumekwisha."

"Tumekwisha, mume wangu," akasema Sikudhani, akamshika mkono. "Tembea."